Petroli Haina Kiporo

Kila mwaka majani yakianza kuchomoza hapa Brooklyn Park, jimboni Minnesota, simu yangu haikai mfukoni. Mwezi mzima wa Mei malalamiko ni yale yale, awe Mkisii, Mkongomani au Mtanzania mwenzangu: "Fundi, mashine ya majani imegoma. Nimevuta kamba mpaka bega linauma." Mtu ameshabadilisha plagi, ameshamwaga oili na kuweka mpya, na wengine wameshapita dukani kuulizia bei ya mashine nyingine. Mimi huuliza swali moja kabla sijavaa viatu: humo tangini mna mafuta ya lini?

Kimya kidogo. Kisha: "Yale yale ya mwaka jana, fundi."

Basi ugonjwa umeshajulikana. Wali wa jana ukiupasha moto unalika, tena wapo wanaoupenda kuliko wa leo. Petroli haina kiporo, na hii ya huku ndiyo haina kabisa.

Tuanze na kilichomo. Mtu aliyetoka Dar akisikia petroli imechanganywa na kitu kingine, neno linalomjia ni kuchakachua: mwenye sheli asiye mwaminifu, pipa la mafuta ya taa, usiku wa manane. EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya watu wa namna hiyo. Huku mchanganyiko ni wa halali, na serikali yenyewe imeuamuru. Zaidi ya asilimia 98 ya petroli inayouzwa Marekani ina ethanoli, yaani pombe kali iliyotengenezwa kwa mahindi, na kiwango cha kawaida ni asilimia 10. Hiyo ndiyo E10. Minnesota ilitangulia wengi. Tangu 1997 jimbo zima linauza petroli yenye ethanoli mwaka mzima. Ukiendesha gari kwenda kusini mwa jimbo ukaona mahindi yalivyotanda huku na huku, siasa yake unaielewa bila kuelezwa. Wala si jambo geni kwetu Afrika: Malawi imekuwa ikichanganya spiriti ya molasi ya miwa tangu 1982, na Kenya nayo ilichanganya ya kiwanda cha Muhoroni katika miaka ya 1980.

Gari lako linakunywa E10 kila wiki na halijawahi kukulalamikia. Tangi lake limefungwa vizuri, kompyuta yake inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kuongeza mafuta inapohitajika, na kubwa zaidi, gari halilali. Unajaza leo, Jumamosi unajaza tena. Mashine ya majani haina hata kimoja katika hivyo. Tangi ni la plastiki na mfuniko wake una tundu la kupumulia. Kabureta ina jeti, yaani kitundu cha kupitishia mafuta, iliyotobolewa kiwandani, haiongezi wala haipunguzi. Halafu ikifika Oktoba inasukumwa kwenye kona ya gereji, inafunikwa turubai, na haiguswi tena mpaka Mei.

Ethanoli inapenda maji. Kiasi kidogo inakimeza na kukipitisha kwenye injini bila wewe kujua, na hilo kwa kweli ni jambo jema. Taabu ni maji yakizidi. Galoni moja ya E10, yaani lita 3.8, kwenye joto la nyuzi 15 hivi za Selsiasi inabeba takriban vijiko vinne vya chai vya maji. Baridi ikizidi inabeba pungufu ya hapo. Ikishindwa, ethanoli inaiacha petroli na kushuka chini pamoja na maji. Sasa tangini una matabaka mawili: juu petroli iliyopungukiwa na oktani, chini maji yaliyochanganyika na pombe. Mpira wa kunyonya mafuta uko chini. Kinachofika kwenye kabureta ni lile tabaka la chini, na hilo haliwaki hata uvute kamba mpaka Krismasi.

Watu hudhani maji hayo yametoka hewani tu. Yapo yanayotoka hewani, lakini nilichokiona mimi mara nyingi ni mvua. Debe limeachwa nje bila kizibo cha mdomo. Mfuniko wa tangi umepasuka. Mashine imelazwa chini ya mchirizi wa bati. Kabla hujailaumu ethanoli, angalia mfuniko.

Jambo la pili ni oksijeni. Ethanoli imebeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo mafuta hayo yanahitaji hewa kidogo kuliko petroli tupu. Kabureta yenye jeti moja haijui hilo. Inaleta hewa ile ile. Injini inaishia kupata hewa nyingi na mafuta machache, na inachemka zaidi. Kwa E10 tofauti ni ndogo, na watengenezaji wakubwa kama Honda, Briggs & Stratton, Stihl na Mercury wanairuhusu. Wote mpaka wao unaishia hapo: asilimia 10, basi. Stihl wanaongeza sharti la oktani isiyopungua 89, kwa hiyo ile 87 ya bei rahisi haiwatoshi.

Tena kuna mipira. Mashine za zamani zilifungwa mipira ya mafuta na gasketi ambazo hazikuandaliwa kwa pombe. Inavimba, inakuwa laini kama ugali, au inakauka na kupasuka. Ukiibinya kwa vidole ikakuachia weusi mkononi, ibadilishe leo. Mpira wa futi mbili ni dola chache.

Sasa twende kituoni, maana makosa mengi yanaanzia kwenye pampu. Huku Minnesota utakuta vituo vingi vina kitufe cha 88, nafuu kwa senti kadhaa kuliko 87. Hiyo ni E15. Ina lebo ya rangi ya chungwa inayosema wazi ni ya magari ya mwaka 2001 na kuendelea, na kwamba ni marufuku kisheria kuitia kwenye boti, pikipiki au mashine ndogo. Wanunuzi hawaisomi, wanaona 88 ni kubwa kuliko 87, bei iko chini, wanajaza debe. Idara ya Nishati ya Marekani ilipojaribu michanganyiko ya juu kwenye mashine ndogo, injini zilichemka zaidi, na baadhi ya mashine za kufyekea za mkononi zilizunguka kwa kasi kubwa zikiwa bila mzigo mpaka klachi ikajishika yenyewe. Fikiria cheniso ambayo mnyororo wake unazunguka wewe hujabonyeza kitu.

Hata usipobonyeza 88, aliyekutangulia huenda alibonyeza. Pampu nyingi zina mpira mmoja kwa mafuta yote, na ndani ya mpira ule kunabaki mafuta ya mteja aliyepita, kiasi kinachoweza kufika theluthi ya galoni. Kwenye gari hayo si kitu. Kwenye debe la galoni moja ni theluthi ya debe. Kwa hiyo gari litangulie: mimina galoni moja au mbili kwenye gari, kisha bila kuurudisha mpira pale pampuni, jaza debe ukiwa umeliweka chini kwenye sakafu. Usijazie debe kwenye buti la gari, kwa sababu ya cheche za umeme tuli.

Na hapa Minnesota tuna bahati ambayo wengi wetu hatuitumii. Sheria iliyolazimisha ethanoli iliacha mlango mmoja wazi: kituo kinaruhusiwa kuuza petroli ya premiamu isiyo na ethanoli kwa ajili ya boti, pikipiki, pikipiki za theluji, magari ya kale na mashine ndogo. Kwa kawaida ni ya oktani 91, ina mpira wake peke yake, na lebo yake inataja matumizi hayo hayo. Si kila kituo kinayo. Ukielekea kaskazini kwenye maziwa unaikuta kirahisi zaidi. Bei yake inauma kidogo. Mimi sinunui ya msimu mzima. Kiangazi mashine inapofanya kazi kila wiki, E10 mpya inatosha kabisa na sioni sababu ya kupoteza hela. Ile ya 91 ninaiweka kwa ajili ya mashine inayokaribia kulala, na kwa jenereta, ambayo kazi yake yote ni kulala ikisubiri dhoruba.

Ukitaka kuhakikisha hiyo ya 91 haina ethanoli kweli, chukua chupa nyembamba ya kioo iliyonyooka. Tia maji kidole kimoja, piga alama kwa kalamu pale maji yalipoishia, kisha ongeza petroli mara tisa ya kimo hicho. Funga, tikisa, iache itulie dakika chache. Kama mstari wa maji umebaki palepale, petroli ni safi. Ukipanda, kilichopanda ni ethanoli iliyohamia kwenye maji, na kwa E10 utaona maji yanakaribia kuwa mara mbili. Fanya jaribio hilo nje ya nyumba, mbali na moto, na chupa hiyo isirudi jikoni.

Kwa matumizi ya kila siku ushauri wangu ni mfupi. Debe liwe dogo. Watu wananunua debe la galoni tano kwa bustani inayokula galoni moja kwa mwezi, na hapo ndipo kiporo kinapopikwa. Watengenezaji wengi wanashauri mafuta yatumike ndani ya siku 30. Andika tarehe ya kununua juu ya debe, kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha plasta. Siku 30 zikikaribia na bado yapo, yamimine kwenye tangi la gari lako likiwa limejaa nusu au zaidi. Gari litayanywa bila kujua. Isipokuwa yale yaliyochanganywa na oili ya tu-stroki. Hayo baki nayo kwenye mashine yake.

Na ukiyahitaji ya tu-stroki, changanya kidogo kidogo. Kwa kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Msumeno unaoutumia mara mbili kwa mwaka, mti ukianguka, nunulie yale ya kopo yaliyokwisha changanywa bila ethanoli. Ghali mno kwa galoni, ndiyo, lakini wewe huhitaji galoni, na kopo lililofungwa linakaa miaka.

Oktoba ndio mwezi wa kazi. Huku kwetu mashine mbili zinapishana mlangoni: ya majani inaingia kulala, ya theluji inaamka, na ifikapo Aprili zinabadilishana. Kila moja inalala nusu mwaka hivi, kwa hiyo kila ninachosema hapa kifanye mara mbili.

Mafundi wanabishana: ukaushe tangi au ulijaze? Mimi kwa mashine ya majani nakausha. Nyonya mafuta yaliyomo tangini, washa injini iungurume mpaka ife yenyewe, vuta choki uiwashe tena iishie kabisa, halafu legeza ile bolti moja iliyo chini ya bakuli la kabureta ili tone la mwisho lidondoke kwenye kikopo. Tone hilo ndilo adui. Likikauka ndani ya bakuli linaacha gundi ya kahawia, na kama lina maji linaacha unga mweupe wa aluminiamu iliyolika. Tundu la jeti halifiki milimita moja. Gundi kidogo tu, limeziba.

Kwa mashine yenye tangi la chuma, kama jenereta, ninafanya kinyume. Chuma kitupu kinapata kutu. Hapo jaza ile ya 91, ongeza dawa ya kuhifadhi mafuta kwa kipimo cha chupa yake, kisha, hapa ndipo wengi wanaposahau, washa injini kwa dakika kumi ili mafuta yenye dawa yafike kwenye kabureta. Dawa iliyobaki tangini hailindi jeti. Baada ya hapo funga bomba la mafuta, iache izimike. Dawa hiyo ni ya mafuta mapya. Haifufui yaliyokufa, na haiirudishi pombe kwenye petroli ikishatengana nayo, hata chupa ikuahidi nini. Wala huhitaji kuongeza zile chupa za spiriti za kuzuia mafuta yasigande. E10 tayari ina spiriti yake.

Jenereta iwashe kila mwezi angalau robo saa ikiwa na mzigo, pasha maji au washa hita, nje ya nyumba na mbali na madirisha. Moshi wake unaua mtu usingizini, na hapa baridi ikikaza watu hushawishika kuiweka gereji.

Boti ni habari nyingine. Jimbo hili lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, na rafiki yangu mmoja wa Zanzibar, baada ya miaka sita ya kuona nchi kavu na theluji, hakuvumilia. Alinunua boti ya zamani ya fibaglasi, ya mwaka 1979, na mashine yake. Alinipigia simu akiwa katikati ya ziwa Minnetonka na mashine imezimika, nyuma yake wakwe wamekaa na chakula kwenye makapu. Alikuwa ametia E10 kwenye tangi lililojengwa ndani ya boti. Matangi ya fibaglasi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1980 mengi yalitengenezwa kwa resini ambayo ethanoli inaiyeyusha, na utomvu wake mweusi unapita mpaka kwenye vali. Kwa boti ya namna hiyo E10 haifai hata siku moja: tumia ile ya 91, au weka tangi jingine.

Boti nyingi mpya hazina shida hiyo, lakini matangi yake yanapumua hewa ya ziwani moja kwa moja. Funga filta ya kutenganisha maji, ya mikroni 10, kati ya tangi na mashine, na uwe na nyingine ya akiba botini. Filta za mwanzo huziba upesi ukihamia kwenye E10, kwa sababu ethanoli inaosha uchafu wa miaka yote uliokuwa umegandamana tangini. Hilo likitokea usidhani mashine imeharibika. Tangi lile jekundu la kubebeka lichomoe ukifika nyumbani na mafuta yake mpe gari, kama hayana oili. Tangi lisilochomoka lijaze kabla ya baridi mpaka karibu asilimia 95, ukiacha nafasi ya mafuta kutanuka, pamoja na dawa.

Na kama tayari umechelewa, mashine imegoma na Mei ndiyo hii? Chomoa waya wa plagi kwanza. Toka nje, usifungue mafuta kwenye gereji yenye boila ya maji ya moto, moto wake mdogo hauzimiki. Mwaga yaliyomo kwenye chupa ya kioo uyatazame: yakiwa na mstari katikati, maji hayo. Yakinuka kama rangi ya zamani na kuwa ya kahawia, yameoza tu. Fungua bakuli, toa jeti, itazame kwenye mwanga. Puliza dawa ya kabureta, na kama bado imeziba pitisha uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Shaba ni laini. Ukitumia sindano ya chuma utapanua tundu, na mashine itaanza kunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Rudisha, weka petroli mpya, vuta kamba. Ikiwaka lakini sauti inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi, jeti bado ina uchafu; fungua tena. Nane kati ya kumi ninazoletewa zinaishia hapo, na kazi yenyewe haifiki saa moja. Ukishajua kuifanya, mimi nimepoteza mteja.

Yale mafuta uliyoyatoa yapeleke kwenye kituo cha kaunti cha taka hatarishi za nyumbani. Sisi wa Hennepin tunacho kimoja hapa hapa Brooklyn Park na kingine Bloomington. Usiyamimine kwenye mtaro. Mteja wangu mmoja aliona safari hiyo ni ndefu, akayamwaga nyuma ya nyumba ili yaue magugu. Magugu yalikufa kweli, pamoja na kila kitu kingine kwenye duara la upana wa meza. Kiangazi cha tatu hiki anazunguka duara lile na mashine yake ya majani, ambayo siku hizi inawaka kwa mvuto mmoja.